Marehemu Alionekana Kanisani

Dada yangu alikuwa ameshalala kaburini karibu msimu mzima wa maharagwe wakati simu yake ilipopokea ujumbe wa kumshukuru kwa kufika kanisani.

Simu hiyo ilikuwa Mikinduri, kwa mama. Siku tulipogawa vitu vya dada, mama aliacha nguo, akaacha viatu na mkoba, akachukua simu tu. Ndani yake kulikuwa na sauti. Dada alikuwa mvivu wa kuandika, kwa hiyo alizoea kujirekodi: anamuuliza mama kama amemeza dawa za presha, anacheka mpaka anakohoa, anaimba kipande cha soprano asije akakisahau kabla ya mazoezi ya kwaya. Mama aliichaji kila siku na kuiwekea salio kidogo ili laini isifungwe. Mimi sikuona ubaya wowote. Kila mtu ana namna yake ya kulia.

Jioni ya Jumapili hiyo mama alinipigia. Nyumbani tunaongea Kimeru, na kwa Kimeru mama hana haraka. Huanza na mvua, aende kwa ng'ombe, apitie afya za majirani, ndipo afike kwenye neno lenyewe. Siku hiyo hakunisalimia.

"Leo ulienda kanisani?"

"Nilienda, mama."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Nilisikia kuku wakigombana nyuma yake. "Hapa kuna meseji inasema dada yako alikuwa huko. Imemshukuru. Imemtaja jina."

Nilimwambia ni mambo ya netiweki, kwamba pengine ni ujumbe wa zamani uliochelewa njiani. Akasema, "Imeandika leo." Tukazungumza kuhusu dawa zake, tukaagana, na mimi nikabaki nimesimama jikoni na mwiko mkononi, ugali ukishikana sufuriani.

Mimi na dada tuliishi pamoja Embu kwa miaka mingi. Yeye alifundisha watoto wa nasari, mimi nauza katika duka la mbegu na dawa za mifugo. Alinitangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja na kidogo, lakini watu walituita mapacha. Sote tulichukua paji la uso la baba na mwanya wa mama. Wateja walikuwa wakinigombeza dukani: "Jana nilikusalimia sokoni ukanipita kama hunijui!" Nami nilikuwa nikiomba radhi kwa niaba yake, maana kueleza kulichukua muda mrefu kuliko kuomba radhi.

Figo ndizo zilizomchukua. Baada ya mazishi niliomba ruhusa kazini nikakaa na mama kwa muda, na ni wakati huo ndipo kanisa letu la Embu lilipofunga kamera mlangoni.

Nilipata habari zake vizuri baadaye, kutoka kwa mchungaji mwenyewe. Kuna mzee mmoja mjane, mshirika wetu, ambaye aliugua akiwa peke yake nyumbani. Ibada zilipita, watu wakaimba, sadaka ikatolewa, na hakuna aliyegundua kwamba kiti chake kiko wazi. Majirani ndio waliovunja mlango. Alipona, lakini mchungaji hakupona. Aliapa mbele ya kanisa kwamba hakuna kondoo atakayepotea tena bila kujulikana. Ndipo akatokea kijana wa kampuni fulani, amevaa suti, akasema ana chombo kinachoweza kutambua kila uso unaoingia mlangoni. Asiyefika atajulikana, atapigiwa simu, ataombewa. Aliyefika atashukuriwa. Wazee wa kanisa walisikiliza na kupiga makofi.

Washirika wakapanga foleni baada ya ibada, wakapigwa picha, wakatoa majina na namba. Wanakwaya ambao hawakuwepo siku hiyo walichukuliwa kutoka kwenye picha za zamani za kwaya. Kijana yule alikuwa na bidii. Dada yangu alikuwepo kwenye picha, mstari wa mbele, na namba yake ilikuwa kwenye daftari la kwaya. Hakuna aliyefikiria kumwondoa. Mimi sikuwa mwanakwaya, tena sikuwepo. Kwa hiyo niliporudi Embu na kuingia kwa mlango ule, kamera iliniangalia, ikatafuta, ikampata yeye.

Leo naweza kueleza hivyo kwa sentensi chache. Wakati huo sikuelewa kitu. Jumapili iliyofuata mama alipiga tena: "Amefika leo pia." Na safari hii sauti yake haikuwa ya hofu. Ilikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa na anangoja kuona nani anaingia.

Nilienda kwa mama mmoja anayekaribisha watu mlangoni, rafiki wa dada tangu ujana wao. Yeye ndiye hushika ile tableti inayoonyesha majina ya wanaoingia. Nilipomweleza, aliinamisha macho.

"Niliona," akasema. "Kila ukipita, anatokea yeye. Niliogopa kukwambia. Nikasema labda Mungu ana maana yake."

"Maana gani?"

"Mimi sijui, dadangu. Wewe unajua?"

Sikujua. Ningeweza kwenda ofisini siku hiyohiyo na kusema, mmekosea, mtoeni. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mama alikuwa ameanza kuamka vizuri Jumapili. Shangazi anayekaa jirani naye aliniambia kwamba sasa anaoga mapema, anavaa kitambaa chake cheupe, anakaa nje na simu mapajani. Hakuwa mjinga. Alijua aliyezikwa nyuma ya nyumba yake ni nani. Ila ujumbe ulikuwa unakuja, na jina lilikuwa la binti yake, na mimi nilishindwa kuamua kama kumwacha hivyo ni huruma au ni ukatili. Nikawa naenda kanisani kila Jumapili hata nikiwa na mafua, kwa sababu nisipokwenda, mama hatapata meseji. Mambo yalipofika hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Sikushtuka.

Mwaka huo kulikuwa na maandamano mjini, kama miji mingine. Baadaye vijana kadhaa walichukuliwa na watu wasiojitambulisha. Mmoja alikuwa mtoto wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo, kijana mpole anayefuga sungura. Alirudi baada ya siku kadhaa, akawa hasemi alikuwa wapi. Akina mama waliamua kukutana katika ukumbi wa kanisa siku ya kazi, alasiri, waombe na kushauriana. Jirani alinishika mkono, akasema, "Twende, usiniache niende peke yangu." Nikafunga duka mapema, nikaenda.

Tuliingia kwa mlango uleule, chini ya kamera inayoona mpaka ndani ya ukumbi. Tuliomba. Mama mmoja alilia mpaka akashindwa kumaliza maneno yake. Mimi si msemaji, lakini nilisimama nikasema kwamba kuomba ni vizuri, ila pia twende tuulize kwa heshima, tukiwa wengi, mchana, watoto wetu wanashikwa kwa kosa gani. Ni hayo tu. Watu wakasema amina. Tukanywa chai, tukatawanyika.

Wiki chache baadaye shangazi alinipigia simu dukani, nikiwa napima dawa ya kupe. "Njoo nyumbani," akasema. "Kuna watu walikuja kumtafuta dada yako."

Nilimfanya arudie. Akarudia. "Dada yako. Walimtaja jina. Walikuja na gari."

Nilifika Mikinduri siku iliyofuata na kumkuta mama amekaa nje, mbele yake ungo wa maharagwe ambayo hakuyachambua. Alinisimulia polepole, na nimemuuliza tena mara nyingi tangu hapo, na kila mara anasimulia vilevile.

Walikuwa wanaume wawili, nadhifu. Walisema ni watu wa serikali. Mmoja alionyesha kadi na kuirudisha mfukoni kabla mama hajavaa miwani. Kiswahili cha mama ni cha sokoni tu, kwa hiyo aliyemwongelesha ni yule aliyejua Kimeru, cha upande wa Imenti, si cha kwetu.

"Binti yako yuko wapi?" akauliza, akataja jina la dada.

"Yuko hapo nyuma," mama akasema.

Mwanamume mmoja alizunguka nyumba. Akarudi haraka, uso umebadilika. Nyuma ya nyumba kuna migomba, na kando ya migomba kuna kaburi la baba na la dada, na misalaba miwili.

"Mama, usitucheze. Tunamtaka aliye hai."

"Mimi pia namtaka aliye hai," mama akasema.

Ndipo wakamwonyesha picha kwenye simu. Mama akavaa miwani. Ilikuwa picha ya mwanamke amesimama katika ukumbi, mkono mmoja ameuinua kidogo, mdomo wazi kama anayesema. Chini yake jina la dada limeandikwa.

"Huyu ni nani?"

"Ni huyo mmemsoma hapo chini," mama akajibu.

"Picha hii ni ya juzi tu. Mtu aliyekufa anasimama vipi kwa mkutano?"

Na mama akawaambia, "Basi nyinyi ndio mnieleze. Mimi kila Jumapili naandikiwa kwamba ameenda kanisani. Namuuliza kila mtu, hakuna anayenijibu. Nyinyi mmesoma, mna gari. Nielezeni."

Akawapa simu ya dada wasome meseji zenyewe. Wakasoma. Wakaangaliana. Shangazi, ambaye wakati huo alikuwa amefika na kusimama kando ya ghala, anasema yule aliyekuwa mkali alikaa chini juu ya kigogo kama mtu aliyechoka. Wakaongea kwa Kiingereza. Kisha wakasema simu hiyo wataondoka nayo, itachunguzwa na kurudishwa. Mama alipoelewa, aliwashika mikono. Alisema chukueni ng'ombe. Wakaenda na simu.

Nilimuuliza mama swali ambalo mpaka leo linanisumbua. "Mama, ile picha. Uliona ni mimi?"

Alichukua ungo akaanza kuchambua maharagwe. "Miwani yangu ni ya zamani," akasema.

"Lakini uliona?"

"Niliona jina."

Sikuweza kumtoa hapo. Sijui kama alinificha au kama kweli, kwa dakika ile, alimwona dada amesimama ukumbini akisema. Mama alituzaa sote wawili. Kama yuko mtu duniani anayeweza kututofautisha, ni yeye.

Niliporudi Embu nilikwenda moja kwa moja kwa mchungaji. Nilimwuliza nani alitoa picha za mkutano wa akina mama. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Aliniapia kwamba hakutoa chochote, hakuombwa chochote, na nilimwamini, na bado namwamini. "Picha hazikai hapa," akasema. "Zinakwenda kwa kampuni. Sisi hapa tunapata majina tu."

"Kampuni inazipeleka wapi?"

"Sikuuliza," akasema. "Niliuliza tu kama itamwona yule mzee akikosekana."

Alimpigia kijana wa kampuni mbele yangu, akaweka spika. Kijana alikuwa na adabu sana. Alisema anasikitika kwa msiba wetu. Alisema hawezi kuzungumzia wateja wengine wa kampuni. Nikamuuliza kama anaweza kufuta uso wangu.

"Madam, kwenye sistemu yetu wewe haupo," akasema. "Huyo ni sista yako."

"Lakini uso ni wangu."

"Ndio. Sasa ili tukutoe, kwanza lazima tukuandikishe. Unatuma picha tatu na kitambulisho, sistemu inajua nyinyi ni watu wawili, alafu unaomba kufutwa."

"Nikijiandikisha, ile picha ya mkutano itasema ni nani?"

"Itasema ni wewe."

Mchungaji alikata simu. Nje watoto wa nasari ya kanisa walikuwa wakiimba herufi. Nilijaribu kufikiri kama mtu mwenye akili. Nilikuwa nimefanya nini? Nilisema twende tuulize kwa heshima. Katiba tuliisoma shuleni. Inasema watu wana haki ya kukutana na kuuliza. Kwa nini basi nijisikie salama zaidi nikiwa nimekufa? Na kama nikiendelea kujificha nyuma ya jina la dada, si ni kumpeleka marehemu mbele za watu kwa maneno ambayo hakuyasema? Yeye hakupenda mikutano. Alipenda kuimba na kulala mapema.

Hata hivyo simu ilikuwa lazima itafutwe. Mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, alikubali kwenda nami Meru mjini, kwenye ofisi ambayo shangazi alikumbuka kwamba wale wanaume waliitaja. Nilibeba cheti cha kifo. Afisa wa kwanza alituelekeza kwa wa pili. Wa pili, mama wa makamo mwenye sweta, alisoma cheti, akaniangalia, akasoma tena.

"Huyu aliyekufa ndiye nani kwako?"

"Dada yangu mkubwa."

"Mnafanana?"

Mwalimu aligusa kiwiko changu. Nikasema, "Watu husema hivyo."

Aliandika kitu. Nilingoja swali linalofuata, lile ambalo nilikuwa nimekesha nikilijibu kwa namna mbalimbali: wewe ulikuwa wapi siku ya mkutano? Hakuliuliza. Alisema katika ofisi yake hakuna simu kama hiyo, na hajui waliokwenda Mikinduri ni watu wa ofisi gani. Alisema hivyo kwa huruma, nadhani. Akanirudishia cheti kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi. Tulipotoka mwalimu alinunua chai na mandazi, tukanywa. Mwishowe akasema, "Nimefundisha historia maisha yangu yote, na leo sijui nimeona nini." Hata mimi sikujua kama tulikuwa tumefanikiwa au tumejipeleka wenyewe.

Simu ilirudi. Iliachwa kwa chifu ndani ya bahasha, na aliyeileta alikuwa mtu wa bodaboda aliyelipwa kule mjini Laare na mtu mwingine ambaye hakujitambulisha. Kila kitu kilikuwemo. Sauti zote, picha zote, hata zile meseji za Jumapili. Nilimpelekea mama nikidhani atafurahi. Aliipokea, akaifungua, akacheza sauti moja, ile ya dawa za presha. Akaizima katikati.

"Waliyasikiliza haya?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Na kucheka kwake? Na zile siku za hospitali, alipokuwa akiniambia ana maumivu?"

"Sijui."

"Hayo alikuwa ananiambia mimi," akasema. Akaiweka simu ndani ya sanduku la nguo, chini kabisa, na hajaichaji tena.

Kanisani wazee walikutana, wakabishana vikali. Wengine walisema tusio na la kuficha hatuna la kuogopa. Mama wa mlangoni, rafiki wa dada, aliomba nafasi ya kusema, akawaambia kwamba yeye ameiona ile tableti kwa macho yake ikimwita marehemu, na kama inaweza kukosea kuhusu aliyekufa itakosea pia kuhusu aliye hai. Kamera ya mlangoni iliondolewa. Mchungaji aligawa washirika kwa mitaa, kila mtaa na watu wa kutembelea wagonjwa, na yule mzee mjane akapewa jirani wa kumchungulia kila asubuhi. Mchungaji aliiandikia kampuni akiomba picha zetu zifutwe. Walijibu kwamba ombi limepokelewa. Hatujasikia tena.

Hakuna aliyekuja kunitafuta, kwa jina langu wala kwa jina la dada. Mtoto wa jirani amerudi chuoni. Mimi naendelea dukani. Wakati mwingine, nikipita chini ya kamera za benki au za supamaketi, najikuta nimefunga mdomo ili mwanya usionekane, halafu naona ni ujinga, naufungua.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kusaidia kuvuna. Tulikuwa shambani, mama mbele, mimi nyuma nikifunga mashina ya maharagwe. Bila kugeuka akaniuliza, "Siku ile ulisema nini kwa huo mkutano?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza mimi kuhusu mkutano ule. Nilisimama na mzigo mkononi. Nikamwambia: nilisema twende tuulize watoto wanashikwa kwa kosa gani.

Mama alivuta mashina mengine mawili, akakung'uta udongo.

"Na mlienda?"

"Hatukuenda, mama. Watu waliogopa."

Aliitikia kwa kichwa, kisha akaniambia nifunge vizuri ule mzigo, maharagwe yalikuwa yanapukutika.